Mukau Wenye Mkanda Mweupe

Kambu, 3 Agosti 2025

Mwaitu mheshimiwa,

Pokea salamu za mkwe wako, fundi wa pawa, msumeno wa injini, anayejulikana kutoka Mtito Andei hadi Juba. Mimi na Katunge ni wazima. Mutindi naye ameanza kunishinda kwa maneno, jambo ambalo nilidhani halitatokea kwa mtoto wa mtu yeyote.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Juzi ulipokea, nikasikia "halo" yako, nikavua kofia na kukata. Nthoni ni nthoni, haya ya wakwe haina mjadala. Tangu nimuoe binti yako sijakupa mkono, sijala mbele yako, sijatamka jina lako na wewe hujatamka langu. Nikikuona njiani naingia kichakani, hata kama kichaka chenyewe ni cha miiba. Nimevuka mipaka yenye askari walevi bila kutetemeka, lakini mama mkwe ni mama mkwe. Karatasi afadhali, haina macho. Jabiri wa lori la ndengu ataileta hii.

Shida yangu ni hii. Ulikuwepo kanisani Kwa Vonza siku ya harambee. Wengine walitoa saruji, wengine mbuzi. Mimi nilisimama, nikaziangalia zile kuta za matofali ya udongo zilivyo wazi juu, nikasema, "Paa ni langu! Mbao zote, na litakuwa juu kabla ya mvua ya Novemba!" Watu walipiga makofi mpaka nikataka kuongeza na kengele. Akilini nilikuwa na msitu wako wa mikau. Ndiyo, sikukuuliza. Ningekuulizaje na wewe umekaa upande wa akina mama?

Mpango wangu ni rahisi. Nipe mteremko wa chini wote, ile mikau minene, niulaze kwa mkupuo mmoja. Mbao za mukau mchwa hawali, paa litatuzika sote. Na usiwe na wasiwasi na mkono wangu. Nimekata miti Kongo, msitu ambao saa sita mchana unawasha tochi. Niliishia darasa la saba, lakini mti haujawahi kuniuliza cheti.

Mvua ikizikuta kuta zile wazi, zitarudi kuwa matope, na jina langu litakuwa humo ndani.

Mkwe wako mtiifu,
Mbaluka

* * *

Kwa Vonza, 9 Agosti 2025

Baba Mutindi,

Barua yako imefika ikinuka ndengu. Nilicheka kwa ile ya kofia. Nilipofika kwenye paa nikaacha kucheka.

Msitu si wangu. Ni wa nyumba zote za mteremko huu. Marehemu mume wangu na majirani waliupanda vipande vipande, kila kipande na mwaka wake, na tumekubaliana tuuvune kama shamba moja. Mpango wa kuvuna wameniachia mimi kwa sababu nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu. Mwaka jana nikaenda hapo chuoni, nikakaa darasani na vijana wanaoniita Susu, yaani nyanya, nikajifunza hesabu ya kuchagua.

Iko hivi. Kila kipande, kila mwaka, kinauliza swali moja tu: kata au acha? Weka pamoja vipande vyote na miaka yote iliyo mbele yetu, na njia za kujibu zinakuwa nyingi kuliko mchanga wa mto Tiva. Halafu kuna sheria. Vipande viwili vinavyopakana visikatwe msimu mmoja, maana mteremko ukibaki uchi mvua inabeba udongo wote. Mti usikatwe kabla haujafikia unene wake. Na mavuno ya mwaka mmoja yakaribiane na ya mwaka mwingine, ili watoto wa mteremko wasisome mwaka huu halafu mwaka ujao wakae nyumbani. Ndani ya sheria hizo, kompyuta inatafuta njia moja inayotoa mbao nyingi kushinda zote, miaka yote ikijumlishwa. Haichoki, na haina binamu wa kupendelea.

Nilichukua mpango wako wa mkupuo mmoja nikauingiza. Mwaka wa kwanza ni arusi. Baada ya hapo hakuna mbao mpaka Mutindi aolewe, na udongo wa mteremko wa chini unaishia mtoni.

Lakini sijakataa paa. Niandikie linahitaji miti ya namna gani, minene na myembamba. Na usidhani nakudharau. Niliuona ule mlango wa Kiema, jirani yangu, ambao mbao zake ulizipasua wewe. Nilipitisha rula kwenye kingo zake akiwa hayupo. Zimenyooka kuliko rula. Msumeno mwingine hautaingia msitu huu.

Mama yako,
Kaluki

* * *

Kambu, 16 Agosti 2025

Mwaitu mheshimiwa,

Ulipitisha rula! Nimemsomea Katunge mara mbili na Jabiri mara tatu.

Sasa nikwambie ukweli, sikukubali kushindwa na kompyuta. Nilisema mashine haijawahi kushika mti, itaniambia nini? Basi tukakaa hapa hotelini na Jabiri, nikamwaga visoda mezani, kila kisoda ni kipande cha msitu. Nyekundu ni kukata, kijani ni kuacha. Nikafuata sheria zako zote. Mwaka wa kwanza nikapanga vizuri sana, nikaagiza chai ya ushindi. Mwaka wa tatu nikajikuta nina vipande viwili vilivyokomaa, na vinapakana. Nikirudi nyuma kurekebisha, mwaka wa nne unabaki na njaa. Nikitibu wa nne, wa pili unaugua. Jabiri akaniambia, "Mbaluka, hii ni kama kufunika miguu mitano kwa blanketi ya mtu mmoja." Nikamwambia anyamaze, anywe chai yake. Mwenye hoteli akaja kufagia visoda na mimi bado nilikuwa mwaka wa tatu.

Na wewe, Mwaitu, umepanga mpaka Mutindi aolewe!

Nimefanya kazi na wazungu wenye vyombo vya kupimia vinavyolia pii, na mzee mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa ananusa gome na kukwambia umri wa mti. Hao wote nilikuwa nawasifu barabarani. Kuanzia leo nimewashusha. Hapa Kambu wakisimamisha malori kununua vitunguu, nawaambia madereva, mama mkwe wangu ana hesabu inayoona miti ambayo haijaota. Wengine wanadhani nimelewa. Wacha wadhani.

Paa linahitaji hivi: magogo manene machache ya kupasua mbao ndefu za kubeba uzito, na fito nyingi nyembamba zilizonyooka za kulalia mabati. Hiyo ndiyo siri yote ya paa, mengine ni misumari.

Niambie siku. Nitakuja na pawa na adabu.

Mbaluka

* * *

Kwa Vonza, 24 Agosti 2025

Baba Mutindi,

Umefika mwaka wa tatu kwa visoda? Wanafunzi wenzangu wengi wa chuo waliishia wa pili. Siandiki hivi kukufurahisha.

Nimeongeza paa kwenye hesabu, likawa sheria mojawapo. Kompyuta inasema mwaka huu tuanze na kipande cha kando ya kijito kikavu. Kinatosha mbao ndefu na sehemu ya fito, na mwakani kinaanza kupandwa upya. Njoo Jumanne ya tarehe 9 mwezi ujao. Kiema atakuwepo asubuhi akuonyeshe mipaka na mengine ya hapo. Nami nitakuja nione, lakini nitasimama mbali.

Mama yako,
Kaluki

* * *

Kambu, 12 Septemba 2025

Mwaitu mheshimiwa,

Kazi imefanyika, na sijawahi kufanya kazi tamu kama hiyo!

Kwanza uniwie radhi. Nilifika mapema, nikapinda kona ya kijito, na wewe hapo umesimama njiani na ramani mkononi. Nilikuwa na pawa begani, mtungi wa petroli mkononi, na nikaingia kwenye mkonge pamoja na vyote. Mkonge umenichoma mahali ambapo siwezi kuandika. Nilizunguka kwa nyuma nikatokea juu ya kipande. Kiema sikumwona, nadhani alikuwa bado anakama. Sikumhitaji. Mtu kama wewe huachi mambo yakae ovyo. Niliona mara moja ile mikau uliyonichagulia, iliyopakwa mkanda mweupe. Mwaitu, una jicho! Minene, mirefu, haina kifundo hata kimoja, imenyooka kama askari wa gwaride. Kote nilikotembea, mti ukipakwa rangi umeshahukumiwa. Nikailaza yote siku hiyo hiyo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja niliulaza pale pale nilipotaka.

Nilikuona kwa mbali umeinua mikono miwili juu. Nikasema, hata yeye anashangilia. Nikavua kofia nikiangalia pembeni.

Mbao ndefu za paa zipo zote na zaidi. Magogo nimeyapanga kivulini. Fito zimepungua kidogo, tutazitafuta. Nimetangaza mpaka Kibwezi.

Mbaluka

* * *

Kwa Vonza, 2 Oktoba 2025

Baba Mutindi,

Nimechelewa kuandika. Kila nikianza naona nimeandika kwa hasira ambayo si yako.

Ile yenye mkanda mweupe ilikuwa ni mikau ya mbegu. Mkanda maana yake ni usiguse. Marehemu aliichagua tangu ikiwa miche, mmoja mmoja, kwa unyoofu wake, na miti yote tuliyokusudia kupanda katika mpango wa miaka yote hii ilikuwa itoke kwenye mbegu zake. Ulitakiwa ukate iliyobaki, ile isiyo na alama.

Kiema alikuwa akwambie. Ng'ombe wake alikuwa anazaa. Sikukuandikia kwa sababu nilidhani alama inajieleza yenyewe. Hilo ni kosa la mwalimu, kudhani kilicho wazi kwake ni wazi kwa darasa.

Na mikono ile sikuwa nashangilia. Niliona pawa inaelekea mti wa kwanza. Sikuwa mbali kiasi hicho, ungenisikia kabla hujavuta kamba ya injini. Nikafungua mdomo, halafu nikakuta sina neno la kukuita. Jina lako sijawahi kulitamka, na "Baba Mutindi" ni la karatasi tu, kwa mdomo sijawahi kukuita chochote. "Wewe" ni tusi kwa mkwe. Nikainua mikono kama mtu anayezama, ukanivulia kofia kwa heshima, injini ikawaka. Nilikwenda kumtafuta Kiema malishoni akusimamishe; tuliporudi ilikuwa imelala yote.

Sikulaumu. Nakuomba tu usije kwanza. Nataka kukaa na hesabu.

Kaluki

* * *

Kambu, 6 Oktoba 2025

Mwaitu,

Leo sina mzaha. Katunge amesoma barua yako kwa sauti, akanipa karatasi katikati, nikaimalizia mwenyewe.

Nimeilaza miti ya marehemu na nikaenda kuitangaza mpaka Kibwezi. Na wewe ukasimama pale huna neno la kuniita. Nimerudia picha hiyo kichwani mpaka kichwa kinauma. Laiti ungenirushia jiwe.

Nilikuja Jumamosi. Najua umesema nisije, lakini nilijua uko Matiliku kwa mazishi ya dada wa marehemu, sikukukuta wala kukusumbua. Ile mikau ilianguka na matunda yake. Nimeokota yote yaliyokuwa chini ya matawi. Mengine mbuzi wa mteremko walikuwa wameshakula, basi nikaenda zizi kwa zizi kuokota kokwa walizotema. Mwanamume wa Juba, nimepiga magoti kwenye mavi ya mbuzi, na watoto wa Kiema wamekaa juu ya ua wananiuliza nimepoteza jino gani. Jabiri anakuletea gunia. Najua mbegu ya mukau ni kaidi, sharti uvunje kokwa na kuikwaruza mbegu ndipo iote. Nitavunja mimi, moja moja, hata kama ni mpaka Krismasi.

Kuhusu paa, tafuta fundi mwingine. Nitasimama kanisani nilipojisifia na nitasema mbele ya wote.

Mbaluka

* * *

Kwa Vonza, 13 Oktoba 2025

Baba Mutindi,

Gunia limefika. Nimekaa nalo barazani muda mrefu. Hujui umeleta nini. Ukoo ule umelala chini, lakini miche yake imo ndani ya gunia hili, na inatosha vipande vya miaka mingi. Hilo nimeliandika kwenye hesabu.

Mpango si amri kumi. Msitu ukibadilika, unaifuta hali ya zamani, unaandika iliyopo, unauliza upya: kuanzia hapa tulipo leo, njia ipi ni bora kuliko zote? Kompyuta haikulia. Ilipiga hesabu ikatoa njia mpya. Mbao ndefu unazo tayari, kwa hiyo mikau isiyo na alama kando ya kijito itasubiri mwakani. Fito zilizopungua zitoke kwa Kiema. Miti yake michanga imebanana, na ukipunguza inayosongana, itakayobaki itanenepa haraka. Paa linapata fito zake, na msitu unarudishiwa karibu yote uliyoupotezea. Ni wewe wa kuifanya kazi hiyo. Simtaki mwingine.

Sasa nikwambie kitu ambacho ninakipenda kuliko vyote katika hesabu hii. Ikishatoa jibu, inakuambia na bei ya kila sheria, yaani sheria hii ukiilegeza kidogo ungepata mbao kiasi gani zaidi. Nyingine bei yake ni sifuri: ipo, haimzuii mtu, iache ikae. Nyingine ni ghali. Ghali si kusema ni mbaya. Ile ya vipande vinavyopakana ni ghali, na siiondoi, kwa sababu udongo ni wa watoto. Lakini ni lazima ujue unalipa nini.

Kuna sheria moja nilisahau kuiandika, kwa vile nimeishi ndani yake mpaka siioni: mama asitamke jina la mkwe wake. Bei yake imelala kando ya kijito. Nimeitazama bei hiyo na nimekataa kuilipa tena.

Kwa Kiema kuna mukau mmoja mchanga wa mbegu, mtoto wa ile uliyolaza, na ndio pekee wa ukoo huo uliosimama. Nitakuwepo. Nikiona mambo yanaenda vibaya, nitaita. Hizo sheria nyingine za nthoni hazijatugharimu kitu, tuziache mahali pake.

Njoo tarehe 21.

Kaluki

* * *

Kambu, 17 Novemba 2025

Mwaitu mheshimiwa,

Imenyesha jana usiku kucha, na paa la Kwa Vonza halikuvuja hata tone! Mchungaji amenipigia mwenyewe. Kuta ni kavu kama biskuti.

Nilikuwa sijakuandikia tangu siku ile kwa Kiema, kwa kuwa kila nikishika kalamu nasikia sauti yako. Wacha nikueleze ilivyokuwa upande wangu, maana wewe uliona mgongo tu. Ile miti pacha miwili ilisimama bega kwa bega, unene mmoja, urefu mmoja. Nilikuwa nimezunguka na kutazama mkanda kwenye kila mti siku nzima kama mchumba anayetafuta pete. Pale sikuuona, mbuzi walikuwa wamejisugua mpaka rangi ikabaki vumbi. Kiema alikuwa ameenda kunywa maji. Nikachagua wa kushoto. Nimeshika kamba, bado sijavuta.

"Mbaluka! Siyo huo! Mbaluka!"

Mwaitu, nimeitwa jina na maaskari wa mipaka mitatu, na wenye bar, na daktari mmoja aliyedhani nimekufa. Hakuna aliyewahi kuliita namna hiyo. Sikujua jina langu ni refu hivyo. Wanaume wote wa mteremko waliacha mapanga chini. Bibi yake Kiema alijifunika uso. Mimi niliweka pawa chini polepole, nikaushika ule mti wa kushoto kwa mikono miwili, nikasema, "Naam, Mwaitu." Nilikuwa nakuangalia usoni. Kumbe una mwanya, kama Mutindi. Sikujua.

Mti huo uko pale bado, umesimama. Nimeupaka mkanda mpana mpaka unaonekana barabarani.

Zile kokwa za gunia ulizonirudishia nivunje zimeota hapa nyuma ya nyumba, miche imeanza kutoa vichwa. Katunge anasema naisemesha. Naisemesha, ndiyo, naiambia iangalie inakoelekea, imeshapangiwa kipande na mwaka, na aliyepanga hakosei.

Sasa nina swali moja, na ni la hesabu. Siku ya kufungua kanisa mlikula wote ndani, chini ya mbao nilizopasua kwa mkono wangu. Nilisikia mchungaji akitaja paa na wewe ukicheka. Mimi nilikuwa nje, nyuma ya ukuta na sahani yangu, kwa sababu ulikuwa ndani, na mkwe hali mbele ya mama mkwe. Wali ulikuwa mtamu. Lakini nilikula haraka.

Hiyo sheria, Mwaitu, umeshaipima bei yake?

Mbaluka

* * *

Kwa Vonza, 20 Novemba 2025

Mbaluka,

Nimeipima. Njooni Jumapili baada ya ibada, wewe na Katunge na Mutindi. Nimetoa meza chini ya dirisha na kuiweka katikati.

Kaluki